Anaongoza kwa kete, anapoteza kwa saa

Ndugu, umesema mdogo wako huongoza kwa kete karibu kila mechi ya blitzi, yaani chesi ya haraka, halafu saa inamwishia. Hayo yalinikuta nikiwa na miaka 15, na mechi ile bado naikumbuka hatua kwa hatua.

Mpinzani alikuwa na miaka 14. Dakika 5 kila mmoja, bila nyongeza, yaani bila sekunde za ziada kwa kila hatua. Mapema tu farasi wangu alimtishia mfalme na malkia wake kwa pamoja, malkia akaenda. Mwishoni nilikuwa na ngome mbili, yeye kabaki na mfalme na kitunda kimoja, kete ndogo kabisa, pembeni. Sekunde 35 kwangu, zaidi ya dakika kwake. Ngome mbili humsukuma mfalme mstari kwa mstari hadi ukingoni, hata anayeanza kujifunza anaijua njia hiyo. Mimi nikakaa natafuta mati, yaani kumbana mfalme asiwe na pa kukimbilia, iliyo ya kupendeza, kwa kuwa watu walikuwa wametuzunguka. Saa ikafika sifuri, nikapoteza.

Kilichoniua ni kile kitunda! Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zinasema muda wako ukiisha unapoteza, ila kama mpinzani hana njia yoyote halali ya kukupiga mati, mechi ni sare. Mfalme peke yake hawezi kukupiga mati. Kitunda kinaweza kugeuka malkia, kwa hiyo kinatosha kumpa ushindi. Ningekila kwa ngome, hatua moja tu, nisingepoteza hata kama saa ingeisha. Hili mfundishe leo hii: sekunde zikipungua, kwanza ale kete ya mwisho inayoweza kumdhuru.

Akicheza dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, mambo hubadilika kidogo. Saa ya aina hiyo aliibuni Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, na aliitumia aliporudiana na mpinzani wake wa zamani, Boris Spassky, mwaka 1992. Hapo anayejua njia ya ushindi anaweza kuishi kwa sekunde chache kwa muda mrefu, mradi kila hatua isizidi sekunde 2. Pia azoee kubonyeza saa kwa mkono ule ule uliosogeza kete, ndivyo kanuni inavyotaka.

Zoezi lililonisaidia mimi: mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, sekunde 40, bila nyongeza. Mati hupatikana ndani ya hatua 16 kwa anayecheza bila kosa. Siku za kwanza atashindwa na atakasirika. Kaa naye, rudieni, hadi mkono uende bila kusita.