Dada, usilipe hiyo pakeji ya New Orleans, Jumatatu mpaka Jumatano hakuna Jazz Fest

Dada mtoa mada simama hapo hapo, usitume hiyo hela. Umeandika kwamba mwakani unawapeleka mzee wako na watoto New Orleans kwa ajili ya Jazz Fest (lile tamasha la muziki la pale mjini), umepata pakeji ya kufika Jumatatu na kuondoka Jumatano jioni, hoteli Bourbon Street, na unauliza ukodi gari au usikodi, chakula cha halali kinapatikana wapi, na Baton Rouge kuna nini cha kuona. Mimi nimekwama kwenye hizo siku zako. Pakeji ya namna hiyo hiyo niliuziwa mimi na mpaka leo inaniuma.

Iko hivi. Jazz Fest inatangazwa kuanzia mwishoni mwa Aprili mpaka mwanzoni mwa Mei, ukisoma haraka haraka unadhani ni mfululizo. Sio mfululizo! Ni wikiendi mbili, na siku hizi kila moja inaanza Alhamisi inaisha Jumapili. Katikati pale, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Fair Grounds (ule uwanja wa mbio za farasi wanakofanyia tamasha tangu 1972) haupokei mtu. Sasa angalia tena siku ulizouziwa.

Mimi nilikuwa na mama mkwe, alikuja kutoka Tanga kutusalimia huku Ohio, mtu wa taarabu na dansi la zamani, bendi anaitambua kwa gitaa tu kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nikasema huyu lazima akaone jazz kwao. Jamaa aliyeniuzia nilimpata kwenye grupu la WhatsApp, nikamuuliza kwa maandishi kabisa, tutalikuta tamasha? Akanijibu "mko ndani ya tarehe bro, tulia". Basi tukatulia. Jumanne asubuhi mama kavaa kitenge kipya, kofia ya jua kichwani, maji kwenye mkoba, tukachukua Uber mpaka getini. Geti limefungwa. Kwa ndani yamepaki malori, vijana wanazoa makopo kwenye majani, majukwaa yamefunikwa maturubai. Mlinzi akatuambia kwa upole tu, rudini Alhamisi saa tano asubuhi. Na ndege yetu ni Jumatano jioni. Mama akanigeukia akaniuliza, "Sasa baba, wapigaji wenyewe wamekwenda wapi?" Nilikosa cha kumjibu, na mama mkwe ukimkosea jibu unajua mwenyewe inavyokuwa.

Nikajaribu kusogeza tiketi, shirika la ndege likataka nyongeza inayozidi nauli niliyolipa mwanzo, na hoteli kuanzia Alhamisi bei haishikiki. Hela iliyopotea pale ningelipia kodi ya nyumba na chenji ikabaki. Nilipompigia yule jamaa akasema yeye aliuza ndege na chumba, hakuuza muziki. Yani mtu anatangaza pakeji ya tamasha, picha ya tarumbeta kaweka juu kabisa, halafu anakwambia muziki haukuwemo! Huyo hajakosea kalenda, aliijua vizuri sana. Anachukua siku ambazo vyumba vinabaki wazi anawauzia watu wa mbali wasiojua, na sisi wenyewe kwa wenyewe ndio wateja wake, tunaaminiana kwa sababu tunaongea lugha moja. Naomba Mungu anayekuuzia wewe asiwe huyo huyo.

Na iliyonimaliza kabisa niliijua baadaye. Zile siku za katikati mji haulali. Wanamuziki wengi waliopiga wikiendi ya kwanza na wanaosubiri ya pili wanakuwepo mjini, usiku wanapiga kwenye kumbi kama Tipitina's, na kuna watu wanasafiri kwa ajili ya hizo shoo tu. Lakini tiketi zake zinauzwa mapema mno. Sisi tulizunguka milango usiku ule tunaambiwa zimeisha, mama miguu imemvimba. Mtu anayejua kazi yake angenikatia hizo tiketi nikiwa bado Ohio.

Kwa hiyo dada nakuomba ufuate hili moja tu: kwanza ujue nani anapiga, ukumbi gani, siku gani, saa ngapi, uwe na tiketi ya shoo mkononi, NDIO ukate ndege. Muziki kwanza ndege baadaye. Hata ndege ikiwa ya bei ya kutupa. Hasa ikiwa ya bei ya kutupa, jiulize kwa nini siku hizo hakuna anayezitaka.

Ratiba usimuulize muuzaji. Kuna redio ya pale pale mjini, WWOZ, iko hewani tangu 1980, kwenye tovuti yao wanaweka kila siku orodha ya nani anapiga wapi, ukumbi kwa ukumbi. Fungua hiyo, ingiza tarehe zako, utaona mwenyewe.

Hiyo hoteli ya Bourbon Street pia iache. Kelele mpaka alfajiri, na muziki wenyewe mwingi ni bendi za kukopi nyimbo za redioni na walevi wenye vikombe vya plastiki. Ukiwa na watoto na mzee nenda Preservation Hall, ipo tangu 1961, mtoto anaingia, pombe hawauzi, shoo ni kama dakika 45. Chumba kidogo, viti vya shida, wengi wanasimama, kwa hiyo mzee mkatie tiketi ya kukaa mapema. Pale tarumbeta inalia mita chache kutoka usoni kwako, spika hakuna.

Na kwa kuwa umesema mzee ni mpenzi wa rumba, mpeleke Congo Square, ndani ya Louis Armstrong Park. Hapo watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili, wakapiga ngoma zao na kucheza. Jazz Fest yenyewe ilianzia hapo mwaka 1970. Ukiamua kwenda nje ya tamasha, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Juni, Jumapili nyingi mchana kuna second line, bendi ya matarumbeta inapita mitaani watu wanacheza nyuma yake, bure kabisa. Wanaoandaa ni vyama vya watu weusi vilivyoanza kwa kusaidiana kwenye maradhi na misiba, kama vile vyetu vya kufa na kuzikana. Mzee ataelewa bila kuelezwa. Na kama bajeti inabana kuna French Quarter Festival (French Quarter ni ule mji wa zamani ilipo Bourbon Street), mwezi Aprili kabla ya Jazz Fest, majukwaa yako mitaani na hulipi kiingilio.

Kwenye halali, gumbo (ule mchuzi mzito wa kule) uliza kwanza, mara nyingi ina soseji ya nguruwe. Gari la nini, maegesho French Quarter ni ghali.

Leo hii mwandikie huyo anayekuuzia akubadilishie iwe Alhamisi mpaka Jumatatu, na tiketi za Fair Grounds zionekane kwenye risiti kwa tarehe. Akianza kukwambia "tulia", weka hapa hayo majibu yake tuyasome wote kabla hujalipa.