Fimbo inayotoka kwenye difu kwenda kwenye chesisi: usiitoe

Mkuu, umesema ulikuwa chini ya Hilux yako ukibadilisha shokapu za nyuma, ukakuta fimbo ya chuma inatoka juu ya difu (ile ekseli ya nyuma yenye gia) inapanda hadi kwenye kidude chenye paipu za breki kwenye chesisi (fremu ya gari). Fundi wako hapo Moshi anasema hakina kazi, mkitoe muunge paipu moja kwa moja. Nakuomba sana usikubali. Mimi nilikubali.

Hicho kidude ni vali inayopima mzigo. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele na matairi ya nyuma yanabaki mepesi. Pikapu tupu ndiyo inayoumia zaidi, maana nyuma hakuna kitu. Presha inayotosha kushika matairi ya nyuma ukiwa umejaza mikungu ya ndizi hadi juu, gari likiwa tupu inayafunga kabisa, na tairi lililojifunga linateleza popote. Sasa ukipakia, chesisi inashuka kuelekea difu, fimbo inaisukuma vali, breki za nyuma zinapata presha zaidi. Ukishusha mzigo springi zinanyanyuka, vali inabana. Hakuna waya wala kompyuta hapo, ni chuma na springi tu.

Yangu ni Hilux modeli ya LN106, injini ya dizeli aina ya 3L. Vali ilikuwa inavuja, mpira umechoka. Fundi akaunga paipu, akatoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki), tukaijaribu barabarani ikashika vizuri ajabu. Nikamlipa na kumshukuru. Wiki kama tatu baadaye nateremka kutoka Kibosho, nimetoka kushusha saruji, gari tupu, manyunyu ndiyo yanaanza na vumbi la lami limegeuka utelezi. Mbuzi wawili wakakatiza. Nilikanyaga kawaida tu. Nikahisi kiti kinanivuta pembeni, halafu mbele ya kioo nikaona migomba, barabara siioni tena. Tulisimama tairi moja likiwa ndani ya mfereji. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, mjamzito wa miezi sita, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini ile mikono naiona hadi leo.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa Unga Ltd, Arusha. Aliingia chini na tochi, akatoka akaniuliza, "Vali ya mzigo mmeipeleka wapi?" Tukatafuta ya mtumba, akaipima, akaifunga.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, sugua hiyo sehemu kwa brashi na maji ya sabuni, iache ikauke. Mtu akanyage breki injini ikiwa inawaka, wewe uangalie chini: kama kuna unyevu kuzunguka mpira wa vali, vali imekufa na inahitaji nyingine. Kama ni kavu na pistoni yake ndogo inasogea akikanyaga, huenda ni nzima. Tatizo la kwetu huku ni tope. Gari likikaa sana bila mzigo, fimbo na bushi zake (vipete vinavyoshika viungo vyake) zinaganda na kutu.

Ukilazimika kuifungua, weka alama ya rangi kwanza mahali fimbo ilipofungwa. Urefu wake ndio kipimo chenyewe; ukiirudisha kwa kubahatisha, umeharibu hesabu yote. Na wakati wa kutoa upepo, usiishie kwenye magurudumu. Kwenye Hilux za umri wa hii yangu vali ina nipo yake yenyewe (kile kiskrubu cha kutolea upepo), na wengi wanairuka, kisha wanalalamika pedali ni laini.

Jambo jingine, na hili naliona sana kwenye magari yaliyotoka kazi ya watalii: je, gari lako limewahi kunyanyuliwa au kuongezewa jani la springi nyuma? Likinyanyuliwa, chesisi inakaa mbali na difu, vali inadhani gari ni tupu siku zote. Hapo unakuwa na kosa la upande wa pili: umepakia, unateremka Machame, breki za nyuma hazisaidii na za mbele zinaungua peke yake. Dawa ni kurekebisha fimbo, au kuweka kibao cha kuinua pale inapofungwa kwenye difu, kwa kiasi kilekile gari lilichopanda.

Piga picha ya karibu ya pale fimbo inapoungana na difu uiweke hapa. Nikiona ile bushi nitakuambia kama imelika.