Andika mwezi kwa herufi, na usiku uutaje wenyewe

Nilimkatia mama tiketi ya basi la usiku, Kisumu hadi Mombasa. Iliandikwa Jumamosi, 12:30 AM. Jumamosi hiyo saa nne usiku tukawa stendi na mzigo wetu: gunia la njugu, omena, kuku wawili kwenye kapu. Karani akaisogeza tiketi kwenye taa, akaisoma mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, basi lako liliondoka jana." Mama akakaa juu ya gunia, akavua leso kichwani, akaikunja polepole bila kusema neno.

Kwa saa za kizungu siku hubadilika saa sita usiku. Kwa hiyo 12:30 AM ya Jumamosi ni nusu saa tu baada ya Ijumaa kwisha. Mtu akiandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", hakuna wa kupotea. Usiandike "usiku wa Jumamosi" ukadhani umesaidia: huku bara tunaelewa usiku unaofuata mchana wa Jumamosi, lakini Waswahili wa pwani huanza siku jua likitua, na kwao usiku huo ni ule uliotangulia. Basi lenyewe lilikuwa la Mombasa!

Saa nazo. Mimi ni katibu wa chama chetu hapa Kondele, na niliwahi kutuma ujumbe, "Mkutano saa 8:00." Wengine walifika asubuhi, wengine saa nane mchana, na wote walikuwa na haki. Tangu hapo neno "saa" naliandika na maneno tu: saa mbili asubuhi. Tarakimu nikizitumia, naziacha peke yake kwa mtindo wa saa 24, yaani 14:00, bila "saa" mbele.

Tarehe ni rahisi zaidi: 4/6 kwetu ni tarehe nne Juni, kwa binamu yangu aliye Marekani ni Aprili 6. Andika mwezi kwa jina. Ila kwenye faili za kompyuta naanza na mwaka, 2025-06-04, kama kinavyoelekeza kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na daftari za chama zinajipanga zenyewe kwa mfuatano.

Mama siku hizi hapokei tiketi mpaka karani aandike nyuma yake kwa kalamu: usiku wa kuamkia siku gani.