Maswali na Majibu: Endigemu iko wapi katika michezo ya sandiboksi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Morogoro na ninacheza kwa simu Albion Online, mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi. Baada ya muda mrefu wa kukata miti, kuchimba madini na kupigana mapangoni, nimefungua daraja la 8, ambalo ndilo la juu kabisa, na silaha na mavazi yangu yote sasa ni ya daraja hilo. Nilitarajia kwamba nikifika huko mchezo ungenifungulia jambo jipya, lakini naona ni yale yale. Wenzangu wananiambia kwamba sasa nimeingia kwenye endigemu. Je, hiyo endigemu ni ipi, na mbona siioni?

JIBU: Ndugu yetu wa Morogoro, endigemu ni ngwe ya mwisho ya mchezo, nawe huioni kwa sababu unaitafuta mahali ambapo michezo ya aina nyingine huiweka. Katika World of Warcraft, mchezo uliotoka Novemba 2004, mchezaji alipanda hadi leveli ya 60, kisha akakuta kazi aliyoandaliwa na watengenezaji wenyewe: kuungana na wenzake 39, kuingia pango la Molten Core na kuliangusha jitu liitwalo Ragnaros ili wagawane silaha ambazo hazikupatikana kwingine. Wiki iliyofuata Ragnaros alikuwa hai tena, akiwasubiri wao na makundi mengine yote. Hiyo ni ngwe ya mwisho iliyopangwa: ina mlango, ina jitu la kushindwa, ina zawadi, na kila anayefika leveli ya juu huikuta palepale. Watu wengi wamelelewa kimchezo katika utaratibu huo, na ni jambo la haki kabisa kwamba ulipofika daraja la 8 ulitazama huku na huku ukiutafuta mlango.

Mchezo wa sandiboksi kama wako hauna mlango huo. Mtengenezaji hutoa ardhi, malighafi, kanuni za kutengeneza vitu na kanuni za kuvipoteza, halafu huwaachia wachezaji waamue nani atamiliki nini, nani atamuuzia nani na nani atapigana na nani. Kwa hiyo endigemu yake haipatikani katika kiwango fulani cha ujuzi. Mchezaji huwa ameingia humo pale anachokifanya kinapoanza kubadili yale ambayo wengine wanaweza kufanya, na pale alichonacho kinapoweza kuchukuliwa na watu walio hai, wenye mipango yao. Kuna wanaofika hapo wakiwa na vifaa duni sana, na kuna wenye kila kitu cha daraja la 8 ambao hawajafika.

Tuutazame mchezo wako wenyewe. Katika Albion karibu kila upanga, kila joho na kila farasi anayeuzwa sokoni ametokana na kazi ya mchezaji mwingine. Ukiuawa katika maeneo mekundu au meusi, yaani yale ya hatari, ulivyovibeba hubaki chini: vingine huharibika hapo hapo, na vilivyosalia huchukuliwa na aliyekuua. Kila mji una soko lake, na hakuna uchawi wa kuhamisha shehena kutoka soko hadi soko bila mtu kuisafirisha. Tena kila mji una kazi inayoupendelea: Thetford hupewa nyongeza katika kusafisha madini, Martlock katika ngozi, Lymhurst katika nyuzi za nguo, Fort Sterling katika mbao na Bridgewatch katika mawe. Tazama kinachotokea hapo. Mtu anayechimba madini ndani ya eneo jeusi anahitaji walinzi. Walinzi wanahitaji silaha. Silaha zinahitaji madini yaliyosafishwa, na huenda yakasafishwa mbali na yalikochimbwa. Msafirishaji anayeyapeleka huko anahitaji kujua ni njia ipi haina wavamizi usiku huo. Mtengenezaji hakuandika hadithi yoyote ya msafara huo, lakini msafara upo kila siku, na ukishambuliwa, bei za silaha katika mji fulani zinaweza kupanda kesho yake. Hiyo ndiyo endigemu unayoambiwa umeingia, ijapokuwa kwa kweli umesimama kwenye kizingiti chake.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ninayoifahamu unatoka EVE Online, mchezo wa anga za juu uliotengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, na kuanza Mei 2003. Humo hakuna leveli ya mchezaji hata kidogo: ujuzi huongezeka kwa saa za kawaida za ukutani, hata ukiwa umelala, na orodha yake ni ndefu mno kuimaliza. Wachezaji huunda mashirika, mashirika huunda miungano, na miungano humiliki mifumo ya nyota, ambayo wakati wa kisa hiki ililipiwa ada ya umiliki. Januari 2014 ada ya mfumo mmoja uitwao B-R5RB haikulipwa. Muungano uliokuwa ukiutumia mfumo huo kama kituo cha kuhifadhia manuwari zake ukajikuta umepoteza umiliki, wapinzani wakauwahi, na pande zote mbili zikaita kila aliyeweza kuwasha kompyuta. Vita ilidumu takriban saa 21 na kuwahusisha zaidi ya wachezaji 7,500. Seva, yaani kompyuta inayouendesha mchezo, ilielemewa, ikabidi mwendo wa wakati ndani ya mchezo upunguzwe hadi sehemu moja ya kumi, hivi kwamba amri ya kufyatua silaha ilichukua dakika kadhaa kutimia. Meli 75 za aina ya Titan, zilizo kubwa kuliko zote, ziliteketea. Kwa kufuata bei ambayo watu hulipa kununua muda wa kucheza na kuugeuza kuwa sarafu ya mchezo, hasara yote ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 300,000 za Marekani.

Watu hupenda kusimulia milipuko, lakini mimi huvutiwa zaidi na ile ada. Titan moja hujengwa kwa wiki nyingi, nayo humeza kazi ya wachimbaji, wasafirishaji, wahasibu na walinzi ambao wengi wao hawatakaa kamwe kwenye usukani wake. Nyuma ya kila meli iliyoteketea palikuwa na watu walioamka alfajiri kwa saa za kwao ili kulinda kiwanda, na aliyekuwa na jukumu la kuhakikisha malipo yanakwenda alikuwa ndani ya endigemu sawasawa na kamanda aliyeongoza mashambulizi. Pengine alikuwa ndani zaidi.

Hasara hizo ni sharti la mchezo wenyewe kuendelea. Kama vitu visingeharibika, baada ya miezi michache kila mtu angekuwa na upanga bora, fundi wa panga angekosa mnunuzi, mchimbaji angekosa fundi wa kumuuzia, na eneo lenye madini lisingekuwa na sababu ya kugombewa. Ultima Online, mchezo uliotangulia hii yote mwaka 1997, ulifika mahali viwanja vya kujenga nyumba vikawa adimu kabisa, na nyumba ambayo mwenyewe hakuitembelea ilichakaa hadi ikabomoka. Wakati huo wachezaji waliokuwa na nyumba walilalamika, na malalamiko yao yanaeleweka, lakini kuchakaa huko ndiko kulikomwezesha aliyechelewa kupata mahali pa kujenga.

Kwa upande wako, ushauri wangu ni kwamba zile silaha za daraja la 8 zirudi kabatini kwa muda. Vaa vitu vya daraja la 4 au la 5, ambavyo ukivipoteza hutakosa usingizi, kisha tafuta chama cha wachezaji kinachofanya kazi katika saa ambazo wewe una bando na nafasi. Ukiingia usiwaulize wana jitu gani la kupigana nalo. Waulize wanapungukiwa na nini. Wakikujibu kwamba hawana mtu wa kutengeneza dawa za vita, au kwamba mifugo ya kisiwa cha chama haina mwangalizi, ichukue kazi hiyo uifanye vizuri kwa mwezi mmoja. Siku utakayokosekana, nao wakaingia vitani bila dawa, wewe mwenyewe utajua uko wapi katika mchezo huo.

SWALI: Mhariri, nakusalimu kutoka Mombasa. Nimesikia kwamba katika michezo hii miungano mikubwa imeshika kila kitu tangu zamani. Kama ni hivyo, aliyeanza jana ana endigemu gani zaidi ya kuwa kibarua wa wakubwa?

JIBU: Hofu yako ina msingi, nami siwezi kuipuuza. Udhaifu mkuu wa sandiboksi ni huo: wachezaji wakiachiwa ulimwengu, hujipanga, na wakishajipanga vizuri mno hukubaliana kutopigana, hukodisha ardhi, na mchezo hugeuka kuwa ofisi ya kukusanya kodi. Endigemu hufa hapo bila mtu yeyote kuiua.

Hata hivyo, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika EVE, meli ndogo ya bei nafuu ambayo mchezaji anaweza kuirusha katika siku zake za kwanza hubeba kifaa cha kuizuia meli ya adui isikimbie. Mwenye meli kubwa akishazuiwa, wenzake mgeni huyo hupata muda wa kufika na kuimaliza. Muungano wa Goonswarm ulijijengea jina kwa kuwamwaga wageni wa namna hiyo kwa wingi vitani, ukiwarudishia meli zilizoharibiwa, na wapinzani waliokuwa na ujuzi na utajiri mkubwa zaidi walijikuta wakishindwa. Kibarua ambaye bila yeye vita haipiganwi si wa kudharauliwa.

Wakubwa nao huanguka, na mara nyingi huangushwa kutoka ndani. Februari 2009, muungano wa Band of Brothers, uliokuwa ukiogopwa kuliko yote, ulivunjwa kwa muda mfupi tu na mmoja wa viongozi wake aliyehamia upande wa Goonswarm akiwa bado ana mamlaka ya kubonyeza kitufe cha kuuvunja. Jina lilipotea, na umiliki wa ardhi ukapotea pamoja nalo. Watengenezaji hawakurudisha chochote, na naamini walifanya sawa, kwa sababu imani kati ya watu ni sehemu ya ulimwengu ule kama yalivyo madini.

Watengenezaji wana wajibu wao lakini, nao ni kuufungua ulimwengu unapoganda. Machi 2009 EVE iliongezewa takriban mifumo 2,500 ya nyota inayofikiwa kwa njia zinazofunguka na kufungika zenyewe, ambako hakuna ada ya umiliki na hakuna orodha ya kukuonyesha nani mwingine yuko karibu nawe. Kundi la watu kumi wanaoaminiana linaweza kuishi huko kwa miaka. Albion nayo ina Njia za Avalon, ambazo hubadilika kila mara na hazipitishi majeshi kwa urahisi. Ukiwa mgeni usiyependa kuajiriwa na wakubwa, anzia sehemu za namna hiyo, pamoja na watu wachache unaowajua.

SWALI: Mimi nilicheza Star Wars Galaxies, mchezo wa mtandaoni uliotokana na filamu za Star Wars, nikiwa mwanafunzi Uingereza. Je, ni kweli kwamba mchezo ule uliharibiwa kwa kuongezewa endigemu?

JIBU: Kwa maoni yangu, uliharibiwa kwa kubadilishiwa ile uliyokuwa nayo. Katika miaka ya mwanzo baada ya kutoka Juni 2003 wachezaji walijenga miji, wakachagua mameya kwa kura, wakafungua maduka, na madini yenyewe yalitofautiana ubora na kutoweka baada ya muda, hivi kwamba fundi aliyewahi kulimbikiza shaba nzuri aliweza kutafutwa na wateja kutoka sayari nyingine. Walikuwapo wacheza ngoma na wanamuziki waliokaa ukumbini, na askari aliyechoka vitani alilazimika kwenda kuwatazama ili apate nafuu. Kulikuwa na dosari nyingi, na vita haikuwa na mizani nzuri, lakini mpishi, mbunifu wa majengo na mwindaji wote walikuwa na mahali pao.

Novemba 2005 taaluma zaidi ya 30 zilipunguzwa hadi 9, mchezo ukaelekezwa kwenye mapambano na kupanda leveli, na wengi waliokuwa wamejijengea jina kwa kazi nyingine waliamka wakiwa hawana kazi. Mtu aliyekuwa akifuga na kufundisha wanyama alikuta wanyama wake hawana matumizi. Wachezaji waliondoka kwa wingi, na seva zilifungwa Desemba 2011. Waliofanya mabadiliko hayo walidhani kwamba mchezo haukuwa na kilele kwa sababu hawakuona jitu lililosimama juu yake, ilhali kilele kilikuwa ni ile miji, yale maduka na daftari la wateja wa kila fundi. CCP ilijifunza njia tofauti: tangu 2008 wachezaji wa EVE huchagua kwa kura baraza la kuwawakilisha mbele ya kampuni, na baraza hilo huambiwa mapema yanayokusudiwa kubadilishwa, likapata nafasi ya kueleza ni riziki za akina nani zitakazoguswa.