Moli ndo inakula maksi za watu

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Gulu, Uganda. Nina miaka 29, nafanya kazi kwa duka la dawa, S6, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, nilimaliza kitambo. Nataka kukaa ule mtihani wa kuingia chuo wa watu wazima, wa miaka 25 kwenda juu, na somo nimechagua kemia. Vitabu niliuza vyote, hata jedwali la elementi limenitoka. Nitegemee nini?

JIBU: Mdogo wangu, jedwali lisikuumize kichwa, mara nyingi uzito wa atomu wanakuandikia pale mwisho wa swali. Kinachokula watu ni moli, yaani kile kipimo cha kuhesabu wingi wa chembe za kemikali. Yaani mtu anakariri kemia ya oganiki wiki nzima halafu anaanguka kwa hesabu ya darasa la S3.

Chukua hii, sodiamu haidroksaidi (hiyo ndo besi) 25 cm³ ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa kila lita, imemalizwa na asidi ya haidrokloriki 20 cm³, asidi ina ukolezi gani, yaani M ngapi? Moli za besi ni 0.0025, kila moli moja ya besi inamalizwa na moli moja ya asidi, ugawe kwa lita 0.02 unapata 0.125 M. Sasa wakikubadilishia wakaweka asidi ya salfa, hapo ndo mtego wenyewe, molekuli moja ya hiyo asidi inamaliza mbili za besi kwa hiyo lazima ugawe kwa mbili kwanza, jibu linakuwa 0.0625 M. Andika ikwesheni yako na uibalansi kabla hujagusa kikokotoo, na onyesha kila hatua, maana hata jibu likikosea njia inaweza kukupa maksi.

Wanapenda pia kuuliza chumvi, utambue ina metali gani ndani. Zinki na aluminiamu zote zinatoa mashapo meupe ukiweka sodiamu haidroksaidi, na ukizidisha yote yanayeyuka, sasa utazitofautishaje? Amonia bwana! Ukizidisha amonia, ya zinki yanayeyuka, ya aluminiamu yanabaki. Kopa ndo rahisi, bluu hafifu halafu bluu nzito kabisa.

Gesi, pH na spidi ya riakisheni pitia tu, wewe wa dawa pH haikushindi.

Kama kuna praktiko, bureti (ule mrija wenye vipimo na bomba chini) soma desimali mbili, 24.50 si 24.5, na lile tone la mwisho kwenye pipeti usilipulize. Omba fundi wa maabara wa sekondari ya karibu akuachie bureti jioni wanafunzi wakitoka, soda moja inatosha. Asidi ya betri ya gari usijaribu nayo nyumbani, tafadhali.