Waulize Wataalamu: G6PD Iliyopungua Nguvu

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Maabara yetu ya utafiti hapa Nyamagana ilinunua G6PD ya binadamu (kimeng'enya kinachochakata sukari ya glukosi-6-fosfati) iliyozalishwa ndani ya bakteria wa E. coli. Tunaiweka kwenye friza ya nyuzi -20. Tangu umeme ukatike mara kadhaa, kasi yake imeshuka hadi nusu. Tulaumu kimeng'enya au NADP yetu ya zamani (molekuli msaidizi ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa NADPH)?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Tunashuku kimeng'enya. Katika bafa ya kawaida, yaani myeyusho unaodumisha pH (Tris milimola 100 yenye pH 8.0, magnesiamu kloridi milimola 10, glukosi-6-fosfati milimola 0.6, NADP milimola 0.2), NADP ni nyingi kupita mahitaji: G6PD ya kawaida hufikia nusu ya kasi yake kwa maikromola 10 hivi. Hata nusu ya NADP ikiharibika, kasi isingeporomoka namna hiyo.

Hakikisheni ndani ya kyuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ileile. Usomaji wa mwanga wa 340 nm, unaoonyesha NADPH ikizalishwa, ukiwa bado unapanda, ongezeni NADP mpya kidogo. Mstari usipobadili mwinuko, NADP haina kosa. Kisha rudieni kwa kiasi cha kimeng'enya kilichoongezwa mara mbili. Kasi nayo ikiwa mara mbili, mashine na bafa ni nzima. Kwa mililita 1 na kyuveti ya sentimita 1, kupanda kwa 0.0622 kila dakika ni yuniti 0.01 (yuniti ni kipimo cha nguvu ya kimeng'enya). Mnapolinganisha na karatasi ya mtengenezaji, tazameni kwanza alipima kwa joto gani. Hapa ndipo wengi hujidanganya.

Kila kipande cha G6PD ya binadamu hushika NADP mahali pawili: pa kwanza ni pa kazi, pa pili ni pa kushikilia umbo tu. Ikizimuliwa kwenye bafa isiyo na NADP, ile ya pili huchomoka, vipande huachana, na protini hufunguka. Joto huharakisha hayo. Kwa hiyo zimueni kwa bafa yenye NADP maikromola 10 au zaidi na albumini miligramu 1 kwa mililita, ili protini isinate kwenye plastiki. Chupa igawanywe siku ileile inapofika, katika gliseroli asilimia 50, ambayo haigandi kwa -20. Epukeni friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe, kwani hupata joto kila mara hata umeme ukiwepo.

Umeme ukikatika, pondeni barafu, ile ya wauza samaki wa Mwaloni yafaa kabisa, changanyeni sehemu tatu na moja ya chumvi, mzike vichupa vilivyofungwa vizuri ndani ya kasha la povu. Baridi hushuka chini ya -15.

Someni pia lebo: kama mlinunua aina ya A-, yenye mabadiliko ya V68M na N126D, hiyo kwa asili ni dhaifu mbele ya joto.

SWALI: Je, twaweza kutumia kimeng'enya hiki kuhakiki kipimo cha G6PD cha wagonjwa kabla ya kupewa primakwini, dawa ya malaria?
Msomaji, Musoma

JIBU: Hapana. Majibu ya mgonjwa huhesabiwa kwa kila gramu ya himoglobini, na kwenye kichupa hiki himoglobini haimo. Tumieni damu ya udhibiti iliyotengenezwa kwa kipimo chenu.