Bibi kusahau sio lazima uwe uzee: yaliyomkuta mama yangu baada ya eda

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Bibi yako ana miaka 74, mmemleta Dar toka Singida baada ya babu kufariki, sasa hivi hali chakula vizuri, hasemi, unamwambia kitu dakika tano mbele kashasahau, na ndugu mmegawanyika, huku wanasema ni uzee muacheni, kule wanasema kuna mkono wa mtu. Unauliza kama kuna aliyepitia. Mimi nimepitia mara mbili, ukoo mmoja, na mara zenyewe hazikufanana hata kidogo, ndo maana itakua ndefu mnivumilie.

Ya kwanza ni mama yangu mzazi. Sisi ni wa Muheza, mzee alifariki 2019 mama akiwa na 71. Akakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Sa ile eda ndo ilituficha kila kitu. Mtu wa eda anatulia ndani, hajipambi, haendi kwenye shughuli za watu, kwaiyo tulivyoona yuko kimya, sahani inarudi kama ilivyoenda, amegeukia ukutani mchana kutwa, tukawa tunasema si yuko eda. Eda ikaisha, dua ikasomwa, pilau likaliwa, wageni wakaondoka, mama akarudi chumbani akajilaza. Kesho yake hivyo hivyo. Miezi miwili baadae bado, na hapo ndo kusahau kukaanza kutusumbua.

Lazima mjue ni mtu wa namna gani. Miaka tisa alikua mweka hazina wa kikoba cha akina mama pale mtaani, kuandika kwake kwa shida ila vyote anavyo kichwani, nani ana hisa ngapi, nani kakopa lini, faini ya nani haijalipwa. Huyo huyo sasa anatia chumvi kwenye mchuzi mara tatu. Yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, anainuka anaenda kukaa uani, ukimuuliza mama mbona umeiacha nazi anasema "nazi gani?". Mwisho akawaita wenzake akawarudishia ufunguo wa sanduku, akawaambia kichwa changu kimekufa tafuteni mwingine.

Tukazunguka. Shangazi alileta mtu wa kombe, hilo sina ugomvi nalo maana hata mimi kisomo naamini, ila akaja na mganga mwingine wa pembeni huko akatutoza laki na themanini akatutajia jirani kua ndie kamloga mama. Jirani ambaye ndie aliyekua anamletea mama uji kila asubuhi! Hapa naomba mnielewe, mkishaanza kutaja majina kwenye ugonjwa wa kusahau mnaweza kuua mtu. Vikongwe wangapi nchi hii wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na sijui wangapi kati yao walikua wagonjwa tu wanaongea peke yao usiku.

Zahanati tulipewa vitamini na tukaambiwa umri umeenda. Dada nae akawa anampa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, klofeniramini, ili apate usingizi, nyumba nyingi tunafanya hivyo. Kumbe dawa za aina ile kwa mzee zinavuruga kumbukumbu zaidi na zinaweza kumfanya aweweseke. Tulikua tunaongeza tatizo kwa mkono wetu.

Tukafika hospitali ya rufaa kliniki ya afya ya akili baada ya ugomvi mkubwa, mama analia kwenye gari "mnanipeleka Mirembe, mimi sio mwehu". Daktari alikua binti mdogo tu. Swali lake la kwanza sio anasahau nini, ni lini imeanza. Mama akajibu mwenyewe bila kufikiri, tangu baba yenu aondoke. Binti akaandika. Akamuuliza daraja ni nini, leo siku gani, amtajie wanyama anaowajua kwa dakika moja, akampa maneno kumi ayashike atamuuliza baadae, akapanga njiti za kiberiti mezani akamwambia apange kama zile. Mama kila swali "sijui". Hata hajajaribu, sijui. Kwenye maneno kumi akasema mawili akanyamaza, machozi yakatoka, akasema unaona nilivyoharibika.

Mama alipotoka na dada, daktari akaniambia hilo ndo limemshtua. Kwa uzoefu wake mtu mwenye demenshia, yani ubongo unaochakaa kwa ugonjwa, mara nyingi hajui kama anasahau, au anaficha, ukimuuliza anakupa jibu la karibu karibu kwa kujiamini. Mwenye sonona, yani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, ndo analalamika kichwa kimekufa, anakata tamaa kabla ya kujaribu, na mara nyingi mnaweza kutaja mwezi ulioanza. Na sonona ya wazee haiji na kilio kila siku, inakuja na tumbo linawaka, mgongo, mwili umechoka, kuamka saa tisa usiku usingizi basi tena, kukonda. Yote hayo mama alikua nayo, tulikua tunanunua dawa za vidonda vya tumbo. Akili iliyozama kwenye sonona haisikilizi unachoiambia, sa itakumbuka nini.

Ila hakukurupuka kuandika dawa. Vipimo kwanza: sukari, chumvi za damu, tezi ya shingo, vitamini B12 (mama anatumia metifomini ya sukari miaka mingi na ile inaweza kuishusha), VVU na kaswende. Kwenye VVU mama alinuna siku nzima, miaka 71 mnanipima ukimwi. Wakaangalia na masikio, nta imejaa la kushoto, ilivyotolewa tu nusu ya "hasikii anachoambiwa" ikaisha. Sikuamini. B12 nayo ilikua chini, akachomwa sindano.

Dawa akapewa fluoksetini, asubuhi. Tukaambiwa wazi, wiki nne hadi sita ndo mtaona kitu na kwa mzee inaweza kuchukua zaidi, msikate njiani, na akipona ataendelea nayo miezi mingine mingi. Wiki mbili za mwanzo kichefuchefu kidogo, shangazi akasema mnaona, dawa za wazungu. Sharti lingine asikae chumbani mchana, kila siku atoke hata hadi kwa muuza samaki. Na wale wa kikoba wakaamua wenyewe vikao vifanyike kwetu barazani, mama akitaka asikae nao, asikie tu.

Kama wiki ya saba hivi. Wako barazani wanahesabu, dada ndo anaandika, mama yuko ndani kajilaza. Wanabishana hisa za mama mmoja, tatu au tano. Sauti ikatoka chumbani, kavu, "tano. Mbili alilipia siku ya mvua, mkaweka kwenye kopo." Barazani kimya. Dada ananisimulia kwenye simu hadi leo anaishia kulia.

Sasa ya pili, ili usije ukaondoka na tumaini la uongo. Baba mkubwa, alikua dereva wa malori, barabara ya Tunduma hadi Tanga anaijua kama mfuko wake. Yeye hamna msiba, hamna tarehe. Ukiuliza ilianza lini kila mtu anakupa mwaka wake. Alianza kurudia stori ileile mara nne kwenye chakula kimoja, akapotea akitoka msikitini mita mia tatu na kwake, na ukimuuliza anacheka, mimi mzima nyie ndo wasahaulifu. Mwanzoni nae alikua mpweke na mnyonge, akapewa dawa za sonona, unyonge ukapungua kweli, akaanza kula. Kumbukumbu haikurudi, iliendelea kwenda tu. Hiyo ndo demenshia. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja, na sonona inayoanza uzeeni wakati mwingine ndo dalili ya mwanzo ya ugonjwa wenyewe, ndo maana mama akapangiwa kurudi kupimwa kila miezi sita hata akiwa mzima.

Kwa wanaosema ni uzee: kuna utafiti ulifanyika Hai, Kilimanjaro, ulikuta kama asilimia 6 ya wenye miaka 70 kwenda juu ndo wana demenshia. Waliobaki hawana. Kwaiyo mzee kuchanganyikiwa sio kawaida, ana kitu. Na ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 imetaja mambo 14 yanayoongeza hatari ambayo mtu anaweza kufanyiwa kitu, sonona imo, kutosikia imo, kutoona vizuri, upweke, presha, sukari.

Turudi kwa bibi yako. Umeandika kwamba alianza baada ya kuhamishwa. Mmemtoa kwake, hana shamba, hana kuku, Kinyaturu haongei na mtu, anashinda na tivii ghorofa ya tatu. Sisemi ni sonona maana mimi sio daktari, nasema hiyo tarehe mwambieni daktari mapema. Bebeni na dawa zake zote, hata za kuokoteza duka la dawa. Na ulizieni dirisha la wazee, ana zaidi ya 60.

Mambo mawili usisubiri kliniki. Akivurugika ghafla ndani ya siku moja mbili, anaona watu wasiokuwepo, analala mchana anahangaika usiku, hiyo inaweza kua malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, sukari kushuka, mkimbize siku hiyo hiyo. Na akisema "bora nimfuate babu yenu" au "nimekua mzigo" usimjibu acha maneno hayo bibi. Kaa chini muulize kabisa kama anafikiria kujidhuru, ondoa sumu ya panya na dawa nyingi chumbani, asiachwe peke yake, hospitali.

Mama alirudi kupimwa mwezi uliopita. Maneno kumi akataja sita, wanyama hadi yule binti daktari akamwambia mama inatosha. Halafu akamgeuzia, "na wewe yataje yote kumi bila karatasi." Binti akataja nane.

Ukipata nafasi niandikie hapa kama bibi anatumia dawa za presha na kama anasikia vizuri masikio yote mawili.